Dondoo ya kitunguu saumu na damu kuganda: usiitupe bado

Mdogo wangu, umesema dondoo yako haikubadilisha PT wala APTT (vipimo vya muda wa damu kuganda), ukadhani mmea haufai. Usikate tamaa! Vipimo hivyo huangalia protini za kugandisha damu, ilhali ajoini, kemikali ya kitunguu saumu, huzuia chembe sahani (vipande vidogo vya damu vinavyoziba jeraha) kushikana. Basi pima mshikamano wa chembe hizo, ukizichochea kwa kolajeni, protini inayozifanya zishikane. Changanya damu sehemu 9 na sitreti ya 3.2% (huzuia damu kuganda) sehemu 1. Isikae kwenye friji, umalize ndani ya saa 4. Linganisha na aspirini, inayozuia chembe sahani, na pia kiyeyushi kitupu kisicho na dondoo. Mimi kiyeyushi changu, ethanoli, kilinidanganya wiki nzima: chenyewe kilizuia chembe. Kibali cha maadili kwanza. Na tafadhali, bibi yako anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usimpe dondoo hiyo hata kijiko: anaweza kuvuja damu. Aongee na daktari wake.