Muulize Mjomba: Nimeamka alfajiri, wamenipita kwenye foleni ya lifti

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa Uyole, nasoma shahada ya uzamili huko Utah, Marekani, na sasa niko nyumbani likizo. Najua wasomaji wako wengi wanakuuliza habari za viazi na wakwe, lakini nimeambiwa uliwahi kufanya kazi kwenye milima ya skii (kwa wasiojua, ni mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa vibao virefu vinavyofungwa miguuni, navyo huitwa skii), hivyo utanielewa.

Nilijifunza skii, nikajinyima, nikakata pasi ya msimu, yaani tiketi ya msimu mzima. Siku moja theluji ilianguka usiku kucha. Nikatoka alfajiri na giza, baridi inauma, nikajipanga kwenye lifti, ile ya viti vinavyoning'inia kwenye waya kupandisha watu mlimani, iliyotakiwa kufunguliwa saa tatu. Mbele yangu kulikuwa na skii zimechomekwa chini, wenyewe wako mgahawani wanakunywa kahawa. Ilipokaribia saa tatu wakatoka, na kila jozi ya skii ikazaa watu watano. Kisha ukafunguliwa mlango wa pembeni, wakapita waliolipia njia ya haraka, wakafuata wanafunzi wa shule ya skii na walimu wao. Sisi tumesimama tu. Baadaye tukatangaziwa kwamba lifti yetu bado, ila ya upande wa pili imefunguliwa. Waliokuwa ndiyo kwanza wanashuka kwenye magari wakaikimbilia, wakawa wa kwanza. Mimi nafika juu, mlima umeshachakazwa. Nilipolalamika nikajibiwa, "Ndiyo utaratibu."

Baba ananicheka, eti nalipa dola nipandishwe mlima kwa kiti wakati mlima wetu wa Loleza upo hapa na ni bure. Je, nina haki ya kukasirika au ni ugeni tu?

Mpwa wako, Uyole

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Baba msalimie sana, umwambie Loleza ni bure hadi siku inayofuata, magoti yanapoleta bili.

Hasira yako ni halali, ila umeichanganya. Kuna uliyofanyiwa na watu na kuna uliyofanyiwa na mlima. Enzi zangu huko Utah nilisimamia lifti, ufagio mkononi wa kukung'uta theluji kwenye viti, koleo pembeni la kusawazisha pale watu wanapopandia. Nimetukanwa kwa yote mawili.

Kwanza niwasaidie wasomaji wa Mwanjelwa wanaojiuliza haya ni mambo gani. Theluji ikianguka usiku, asubuhi mteremko unakuwa laini na haujaguswa na mtu. Wakishapita watu mia kadhaa, utamu umekwisha; saa moja au mbili zinatosha. Ni foleni ya bomba la mtaa linalotoa maji kwa muda mfupi: wa mbele anajaza, wa nyuma anaambulia upepo. Ndiyo maana watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, wanatunishiana misuli kabla hata jua halijatoka.

Na hizo skii zilizochomekwa ndizo ndoo zetu. Pale bombani hakuna asiyejua sheria: ndoo inamshikia nafasi mwenyewe, haimshikii yeye na shemeji zake na jirani wa upande wa pili. Kama uongozi wa mlima unaruhusu skii zishike nafasi, uweke kibao: jozi moja, mtu mmoja, na lifti ikianza kupakia, asiyekuwepo amepoteza. Kibao kiwepo tangu jana. Maana saa tatu kasoro dakika tano, mbele ya watu mia tatu, msimamizi wa lifti hana ubavu. Mtu anakuja anakwambia, "Mimi nilikuwa na huyu." Unamtazama huyo "huyu": kofia ngumu, miwani mikubwa ya kioo cha rangi, kitambaa hadi puani. Yule wa nyuma yake naye yuko hivyo hivyo. Utamjuaje nani alikuwa na nani? Unawapitisha wote, na unayetukanwa ni wewe.

Kuhusu watoto wa shule ya skii, hapo sikuungi mkono. Waache wapite. Hujawahi kuona darasa la watoto wa miaka sita limesimama nusu saa kwenye baridi, halafu mmoja anataka kujisaidia. Nguo zile zina zipu na vifungo hadi shingoni. Ninachokikubali ni malalamiko juu ya wale watu wazima wanaokodi mwalimu binafsi siku ya theluji mpya ilhali wanateleza kumshinda mwalimu. Hao hawakununua somo, wamenunua mlango. Utawatambua kwa namna wanavyofunga viatu bila kutazama chini.

Sasa njia ya kulipia. Hili ndilo linaloniudhi mimi mwenyewe, kwa hiyo nivumilie. Mwaka 2021 kampuni ya POWDR ilitangaza mpango ulioitwa Fast Tracks kwenye milima yake minne: Copper Mountain ya Colorado, Snowbird ya Utah, Killington ya Vermont na Mt. Bachelor ya Oregon. Bei ilianzia dola 49 kwa siku, juu ya tiketi au pasi ambayo mtu ameshailipia. Watu waliwaka. Seneta Ron Wyden wa Oregon alipinga hadharani, kwa sababu Mt. Bachelor iko ndani ya msitu wa taifa, na ardhi hiyo ni ya umma. Milima mingi ya skii magharibi mwa Marekani iko hivyo: kampuni ina kibali cha kuendesha lifti, mlima wenyewe ni wa wananchi. Wenye kampuni husema nafasi za haraka zinauzwa chache, haziwaumizi wengine. Siku ya kawaida, sawa. Lakini siku ya theluji mpya, kila kiti anachopanda aliyelipia dola 49 kinaondoka na sehemu ya mteremko ambayo hairudi. Wewe uliuziwa pasi, halafu nafasi ileile ikauzwa tena kwa mwingine mbele ya macho yako. Hapo kasirika, mpwa, una ruhusa yangu.

Hizo pasi zenyewe nazo zimechangia. Kampuni ya milima ya skii ya Vail Resorts ilipoanza kuuza pasi ya msimu iitwayo Epic Pass mwaka 2008 kwa dola 579, na Ikon Pass ya washindani wake ikafuata mwaka 2018, fedha zikawa zinakusanywa kabla hata tone la theluji halijaanguka. Kwa kampuni ni salama. Kwa foleni ni balaa: aliyekwisha kulipia msimu mzima hana cha kumzuia kutoka kitandani theluji ikishuka, na wote wanatoka kitandani siku ileile. Bonde la Little Cottonwood, lenye Alta na Snowbird, lina barabara moja tu. Foleni yako huko inaanzia kwenye gari.

Lakini kuna kitu ambacho karibu kila anayelalamika hakitazami: viti vinavyopanda vitupu. Chukua lifti ya viti vya watu wanne, kiti kimoja kikiondoka kila baada ya sekunde sita. Hivyo ni viti 600 kwa saa, watu 2,400. Kila kiti kikiondoka na watatu, kwa sababu marafiki watatu hawataki mgeni katikati yao, wanapanda 1,800. Watu 600 wamebaki chini kwa saa moja tu, bila kampuni kuuza njia yoyote ya haraka. Kazi yangu ilikuwa kuziba hayo mapengo: kupiga kelele "Mmoja! Nahitaji mmoja!" na kuita kutoka mstari wa wanaopanda peke yao. Mlima wenye mstari huo na msimamizi mwenye sauti unatembea. Ule ambao msimamizi amejikunyata ndani ya kibanda kwenye hita, ndugu yangu, utaota mizizi.

Na usidhani lifti ya kasi ndiyo dawa. Ile ya zamani inakwenda kama mita 2.3 kwa sekunde, ya kisasa, ambayo kiti chake hujiachia kwenye waya kikifika kituoni ili watu wapande taratibu, inafika mita 5. Inakupunguzia muda wa kukaa hewani, lakini idadi ya watu kwa saa inategemea kiti kinakuja kila baada ya sekunde ngapi. Kama inapandisha watu walewale kwa saa, basi walioko hewani kwa wakati mmoja wamepungua nusu. Hiyo nusu nyingine iko wapi? Imesimama na wewe kwenye foleni.

(Watu wa Tukuyu, hili ni lenu. Lifti ya viti ya kwanza ilijengwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na mhandisi wa reli aitwaye James Curran. Wazo alilitoa kwenye mtambo wa kupakia mikungu ya ndizi melini: mkungu unaning'inia kwenye ndoano, waya unaubeba. Akatoa ndoano, akaweka kiti. Kwa hiyo mpwa wetu kule Utah anapandishwa mlimani kama mzigo wa kwenda Dar.)

Nije kwenye lifti iliyochelewa na ile iliyofunguliwa upande wa pili. Hapa aliyekufanyia ni mlima. Theluji nyingi ikianguka na upepo ukaisukuma, inaweza kukatika na kuporomoka. Kabla hujaamka, kikosi cha doria kimeshapanda, kinarusha baruti kwenye miteremko ili kinachotaka kuanguka kianguke kabla yako. Huko Little Cottonwood wametumia hata mizinga ya kijeshi, barabara imefungwa, na Alta watu wanaamriwa wasitoke ndani ya majengo hadi kazi iishe. Hakuna anayejua upande gani utakuwa salama kwanza. Usimkasirikie mtu wa doria. Tarehe 7 Januari 2020, Silver Mountain ya Idaho, maporomoko yaliua watu watatu ndani ya eneo la mlima wenyewe, si porini. Tarehe 10 Januari 2024, Palisades Tahoe ya California, lifti ya KT-22 ilifunguliwa kwa mara ya kwanza msimu ule. Karibu nusu saa baadaye theluji ikaporomoka, mtu mmoja akafa. Hiyo ni milima yenye wataalamu.

Na watu hao wa doria wakikosekana, utaona foleni ni nini. Park City, hukohuko Utah kwako, waligoma tarehe 27 Desemba 2024, wakidai mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 hadi 23 kwa saa. Mgomo ulichukua karibu wiki mbili, katikati ya sikukuu. Sehemu kubwa ya mlima haikufunguliwa, na watu waliolipa mamia ya dola wakasimama kwenye mistari isiyosogea. Dola mbili, mpwa.

Ila kuna kosa la uongozi hata hapo, nalo ndilo ningeandika barua kwa ajili yake: walijua lifti yenu bado, wakanyamaza. Kutangaza tu kwamba "upande wa pili unaweza kutangulia, chagua mwenyewe" kungewapa waliokuja alfajiri nafasi ya kuamua. Foleni inakubalika kwa mtu akijua masharti kabla ya kusimama. Njia ya kulipia, skii za kushika nafasi, wanafunzi, upande utakaofunguliwa kwanza: vyote vibandikwe mlangoni tangu usiku. Kubadilisha masharti watu wakiwa wameshaganda vidole, hiyo ndiyo dharau. Andika barua yako ukitaja lifti, tarehe na saa, umpelekee meneja wa shughuli za mlima. Yule kijana mwenye ufagio muache, hakutunga kitu.

Siku ikifika tena, achana na lifti kubwa ya chini. Jipange mstari wa wanaopanda peke yao, rafiki zako mtakutana juu. Kisha tafuta lifti kuukuu ya watu wawili, ile ambayo kila mtu anaidharau kwa uzembe wake. Inapandisha watu wachache, kwa hiyo theluji ya upande wake inadumu hadi mchana. Mad River Glen ya Vermont wanalijua hili vizuri. Mlima ule tangu 1995 unamilikiwa na wanaoteleza wenyewe kwa ushirika, na lifti yao ya mwaka 1948 inabeba mtu mmoja mmoja. Ilipochakaa walichanga fedha wakaikarabati ilivyo, wala hawakutaka kubwa zaidi. Foleni yao ni ndefu na hawalalamiki, maana wakifika juu wanakuta kitu.

Ndaga fijo kwa swali. Na ukirudi Utah, kiti kikija kishike kwa mkono kabla hakijakugonga nyuma ya magoti.

SWALI: Mjomba, Juni na Julai asubuhi huku Kitulo kunakuwa kweupe pee. Kwa nini tusijenge lifti na sisi tukavuna watalii?

Msomaji, Makete

JIBU: Hiyo ni sakitu, ndugu yangu, si theluji. Jua likipanda inakwenda na umande. Skii zinahitaji tabaka nene linalokaa wiki kadhaa, na hata mashine za kutengeneza theluji zinataka baridi ya chini ya sifuri kwa saa nyingi mfululizo, si ya alfajiri peke yake. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005 kwa ajili ya maua. Mgeni akikuuliza, mwambie aje kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili, na alete buti za matope.