Kuingiza Tanzania boti na trela iliyotumika kutoka Kenya: ushuru upo?

Upo, ndugu. Nafuu ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka cheti cha uasilia, na hicho hutolewa kwa bidhaa iliyotengenezwa ndani ya jumuiya. Boti ya Japani haigeuki ya Kenya kwa kuwa imekaa Kilifi miaka kumi, na risiti ya ushuru uliolipwa Mombasa si cheti hicho. VAT ya 18% nayo ipo.

Watu wengi hukwama kwenye ankara. Boti huingia sura ya 89 ya kitabu cha ushuru, trela kifungu cha 8716. Ukiandika bei moja ya jumla, afisa atagawanya thamani mwenyewe, na mara nyingi hutaipenda. Andika bei ya boti na ya trela kila moja peke yake, pamoja na namba ya boti (kwa nyingi za kiwandani imegongwa tezini, upande wa kulia), namba ya mashine na chesisi ya trela. Tarakimu moja ikipishana na logibuku (kadi ya usajili) ya trela, mzigo unalala mpakani Horohoro.

Muuzaji aifute boti kwenye usajili wa Kenya kwanza, la sivyo TASAC, wanaosajili vyombo vya majini Tanzania, watakurudisha. Beringi za trela zifunguliwe zipakwe grisi mpya kabla ya safari. Maji chumvi huzila kimyakimya.