Zile Tom na Jerry za ajabu si feki

Kuna wanaouliza kama zile katuni za Tom na Jerry zenye sauti na michoro ya ajabu ni feki. Hapana, si feki, ni halali kabisa. Ni katuni fupi 13 alizoongoza Gene Deitch kule Prague, 1961 hadi 1962, kwa kuwa MGM, kampuni ya filamu ya Marekani iliyokuwa na Tom na Jerry, walishafunga studio yao ya katuni 1957. Bajeti ilikuwa ndogo na wachoraji wake walikuwa wameona chache tu za zamani, ndiyo maana sauti zina mwangwi kama mtu anagonga sufuria ndani ya tangi, na yule bwana mnene anampiga Tom mpaka unamwonea paka huruma. Tazama majina mwanzoni, utaona la Deitch.

Ila msizichanganye na zile ambazo Tom ana nyusi nene. Hizo ni za Chuck Jones, 34 jumla, 1963 hadi 1967, na zilitengenezwa Marekani.

Kwa ubora, za Hanna na Barbera, waliobuni Tom na Jerry, hazina mpinzani, Oscar 7 si mchezo. Lakini mimi heri hizo za Prague kuliko za 1975, ambazo Jerry kavalishwa tai nyekundu ya kipepeo na wawili hao ni marafiki. Tom na Jerry bila kufukuzana, jamani?