Usizing'oe nyuzi zote 12 kwa mkupuo

Ndugu, umeuliza kama unaweza kung'oa nyuzi zote 12 za gitaa lako pamoja unapozibadilisha, na kwa nini ule uzi mwembamba wa G umekukatikia mara mbili. Usizing'oe zote. Zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 100, na si vizuri mvuto huo uondoke wote ghafla. Badilisha jozi moja, ipandishe hadi karibu na sauti yake, ndipo uhamie nyingine. Hivyo hata hutachanganya uzi upi unakaa wapi: E nene, A, D na G kila moja ina mwenzake mwembamba wa oktavu ya juu (noti ileile, ila sauti ya juu zaidi), ila B na E nyembamba ni mapacha wa sauti moja.

Huo wa G ni mwembamba kuliko hata E nyembamba, na bado unapanda kuipita kwa sauti! Ukiuharakisha utakatika tu. Paka unga wa penseli kwenye mfereji wa nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi juu ya shingo), kaza polepole. Mimi hutyuni gitaa zima toni moja chini ili nyuzi zisivutwe sana, kisha nafunga kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya pili, kile kijichuma cha pili cha shingo, ili sauti irudi palepale.