Unapima maji kando ya mgodi wa kuyeyusha? Usisubiri uone urani

Hii ni kwa mnaoanza kazi kwenye ile migodi isiyochimba shimo, wanaingiza maji yenye oksijeni na bikaboneti chini kwenye tabaka la maji, urani inayeyuka afu inavutwa juu kwa visima vingine. Yaani mgodi wenyewe uko ndani ya maji, ndo maana kazi yetu ya kupima maji ni nzito.

Wengi wakianza wanakimbilia kupima urani kwenye visima vya pembeni. Tatizo ni kwamba urani ikitoka eneo la kazi inakutana na mwamba ambao haujaguswa, hauna oksijeni, inaganda tena njiani. Ukija kuiona kwenye kisima chako ujue umechelewa sana. Kloraidi ndo inawahi, kwasababu resini (punje za plastiki zinazonasa urani kwenye mtambo juu) ikinasa urani inaachia kloraidi kwenye yale maji yanayorudishwa chini, na mwamba hauishiki, inatembea na maji yenyewe. Pima hiyo pamoja na ualkali (uwezo wa maji kupunguza asidi) na upitishaji umeme, kila baada ya wiki 2, usirukeruke.

Na kina cha maji jamani! Mimi nilikuwa naona kupima kina ni kazi ya kujaza fomu tu, mpaka siku maji ya kisima kimoja cha tabaka lililo juu ya lile la mgodi yakaanza kupanda sentimita chache kila mara nikienda, na majibu ya maabara yako safi kabisa, nikaandika nikanyamaza, hilo mpaka leo linaniuma. Wiki kadhaa baadaye kloraidi ikapanda. Kumbe kulikuwa na shimo la zamani la utafiti halikuzibwa, presha ya chini inasukuma maji juu kupitia hapo. Kina kilishaniambia mapema.

Sampuli zenyewe, usichukue maji yaliyolala kwenye bomba la kisima. Piga pampu mpaka joto, pH na upitishaji umeme vitulie, ndo ujaze chupa. Sampuli ya kupima metali unachuja kwa kichujio cha 0.45 mikroni unatia asidi ya nitriki.

Omba pia takwimu za pampu kila siku, usione aibu. Maji yanayovutwa lazima yazidi yanayoingizwa, mara nyingi asilimia 1 hadi 3, ili maji ya nje yavutike kuja ndani. Pampu moja ikilala na watu wakaendelea kuingiza, mambo yanageuka.

Vipimo vya kabla ya mgodi kuanza navyo pigania uvipate, raundi kadhaa, misimu tofauti, kila tabaka peke yake. Bila hivyo kloraidi ikipanda utaambiwa ilikuwa hivyo tangu zamani na huna cha kujibu.

Siku hizi kabla sijakubali ramani ya visima vya ufuatiliaji naomba kwanza orodha ya mashimo yote ya zamani, hata ya kampuni zilizoshaondoka, na ushahidi kwamba kila moja limezibwa kwa saruji.