Mark II GX100 inayogoma kupanda gia ikipata moto

Mkuu, usikubali kwanza kubadilishiwa gia boksi nzima. Gari inayogoma kupanda gia ikishapata moto, halafu kesho asubuhi iko freshi, mara nyingi shida ni umeme au oili. Klachi za ndani zikiisha haziponi usiku.

Anza na oili ya gia boksi. Gari iwe ya moto, sehemu tambarare, injini inawaka. Pitisha gia zote kutoka P mpaka L, rudi P, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia oili hiyo usome upande wa HOT. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapo kweli kuna kazi.

Taa ya O/D OFF (overdrive, ile gia ya juu kabisa) kwenye dashibodi inawaka na kuzima yenyewe? Basi kompyuta imehifadhi kosa. Kwenye kile kiboksi cha kusomea makosa chini ya boneti unganisha matundu yenye alama TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ON bila kuwasha injini, uhesabu: taa hiyo inamweka mara 6, inatulia, kisha mara 2, hiyo ni 62. 62 na 63 ni solenoidi (vali ndogo za umeme) za kubadilishia gia. 42 au 61, sensa ya spidi.

Ila kabla hujanunua chochote, chomoa soketi ya gia boksi uangalie kama pini zina ukijani wa kutu au waya umebabuka kwa joto la egzosi. Na solenoidi zenyewe zinafikiwa kwa kushusha sampo tu, yaani beseni la oili chini ya gia boksi.