Kolibaki kati ya Python na C: kwa nini programu ya mizani huzimika ghafla

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba programu yako ya Python husoma uzito kutoka kwenye mizani kupitia maktaba iliyoandikwa kwa C, na kwamba hufanya kazi vizuri kwa dakika kadhaa kisha huzimika ghafla, ikiacha maneno "Segmentation fault" bila mstari wowote wa kosa la Python. Yaliyokusibu yalinisibu nami msimu wa korosho wa mwaka juzi, katika ghala la chama kimoja cha msingi wilayani Newala.

Asubuhi ile gunia lilikuwa juu ya mizani, karani ameshika kalamu, wakulima wamepanga mstari hadi nje ya mlango, na programu ikazimika. Karani aliendelea kusoma namba kwenye kioo cha mizani na kuziandika daftarini, huku mimi nikibadilisha waya mmoja baada ya mwingine. Kilichonitoa gizani ni faulthandler, moduli inayoonyesha programu ilikuwa wapi ilipoanguka, ambayo imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3. Ilinionyesha kwamba thredi kuu (thredi ni mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine ndani ya programu) ilikuwa imetulia ikisubiri data, maana yake aliyeanguka ni thredi ya maktaba yenyewe, wakati ikijaribu kuiita kolibaki yangu, yaani fankisheni ya Python niliyoipa maktaba iiite kila uzito unapopatikana.

Kiini chake ni hiki. Unapoandika CFUNCTYPE na kuipa fankisheni yako, ctypes, moduli ya Python ya kuita maktaba za C, hutengeneza kitu cha Python chenye kipande kidogo cha msimbo ambacho C inaweza kukiita. C hupewa anwani ya kipande hicho tu. Python huhesabu ni nani wanaokishikilia kitu, na hesabu ikifika sifuri hukifuta. Lakini C haimo katika hesabu hiyo, hata kama imeiandika anwani ile na inakusudia kuitumia kutwa nzima. Kwa hiyo ukiandika lib.sajili(AINA(pokea_uzito)) katika mstari mmoja (lib ni maktaba, AINA ni aina uliyoitengeneza kwa CFUNCTYPE), kitu kile huishi mpaka mwito wa kusajili umalizike, kisha hufutwa, na C hubaki na anwani ya nyumba iliyokwisha kubomolewa. Haianguki papo hapo kwa sababu eneo lile la kumbukumbu huenda bado halijaandikwa kitu kingine, na ndiyo maana unapata dakika kadhaa za amani zinazokupotosha.

Mimi nilipotoshwa zaidi, kwa kuwa nilipofanya majaribio nyumbani Mtwara mjini programu haikuzimika hata mara moja. Wakati huo kolibaki ilikuwa kigeu cha juu kabisa kwenye faili, kinachoishi muda wote wa programu. Kabla ya kwenda ghalani nilipanga msimbo vizuri, nikaihamishia ndani ya fankisheni inayoitwa anza(), na fankisheni hiyo ilipomaliza kazi ikaondoka na kigeu chake. Dawa ilikuwa mstari mmoja: self._kolibaki = AINA(pokea_uzito), kisha lib.sajili(self._kolibaki), na kitu kinachobeba self kishikiliwe maadamu maktaba inaweza kuita. Anza hapo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Ukishamaliza hilo, angalia unachokifanya ndani ya kolibaki. Maktaba nyingi za vifaa huita kutoka kwenye thredi yao wenyewe. ctypes huchukua kufuli kuu la Python (GIL, linaloruhusu thredi moja tu kuendesha msimbo wa Python kwa wakati mmoja) kwa niaba yako kabla ya kuingia, ila ukiandika daraja lako mwenyewe kwa C ni wajibu wako kuita PyGILState_Ensure mwanzoni na PyGILState_Release mwishoni. Mimi nilikuwa nikihifadhi uzito kwenye hifadhidata humo humo ndani, na usomaji ukawa unachelewa. Sasa kolibaki yangu hunakili namba, huiweka kwenye queue.Queue na kurudi, na kazi nyingine zote hufanywa na thredi kuu. Nasema hunakili kwa makusudi: ikiwa C inakupa pointa ya bafa yake, yaani anwani ya mahali inapoweka data kwa muda, mara nyingi pointa hiyo ni halali mpaka kolibaki irudi tu.

Kosa likitokea ndani ya kolibaki halisafiri kupita C kurudi kwako. ctypes huliandika kwenye stderr, mkondo wa ujumbe wa makosa, na kuendelea, kwa hiyo programu isiyo na dirisha la amri hulimeza kabisa. Weka try na except humo, na kosa lenyewe ulitie kwenye foleni ile ile.

Kama unatumia Windows ya biti 32, hakikisha pia kama maktaba inataka CFUNCTYPE au WINFUNCTYPE, kwa sababu kanuni zao za kuitana ni tofauti.

Wakati wa kufunga, mfuatano ni muhimu: kwanza iambie maktaba iache kuita, subiri thredi yake isimame, ndipo uiachie self._kolibaki. ctypes ina njia mbili za kupakia maktaba, PyDLL na CDLL: usisubiri thredi hiyo kupitia PyDLL, kwa kuwa PyDLL haliachii kufuli la Python. Kolibaki ya mwisho italisubiri kufuli, nawe utaisubiri kolibaki, na hakuna atakayesogea. CDLL huliachia kila unapoita, basi tumia hilo.